Mtoto apewe hesabu ambayo historia yenyewe inaidai

Sisi tunaofundisha watoto wetu nyumbani tuna uhuru mmoja ambao mwalimu wa darasa la watoto sitini hana: hakuna kengele ya kututangazia kuwa kipindi cha hesabu kimekwisha, sasa ni zamu ya historia. Wazazi wengi tunautumia uhuru huo kuunganisha masomo, nami naunga mkono kwa moyo wote. Ila kuna namna ya kuunganisha ambayo haimsaidii mtoto hata kidogo. Mtu anaandika, "Ibn Battuta alikula maembe 5 asubuhi na 3 jioni, jumla alikula mangapi?" kisha anasema amefundisha historia. Humo hakuna historia. Futa jina la Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco wa karne ya 14, weka Juma au Asha, na jibu ni lilelile.

Kipimo changu ni hiki: hesabu iingie pale ambapo watu wa zamani wenyewe walilazimika kuipiga, au pale ambapo bila kuipiga hatutalijua jambo tunalolitafuta. Nje ya hapo, bora kila somo lisimame peke yake.

Nianze na mfano ninaoupenda kuliko yote. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo kwenda Tabora hadi Ujiji, na huko bara nguo ndiyo iliyokuwa fedha. Merikani, kitambaa cha pamba kilicholetwa kutoka Marekani, kilipimwa kwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono 4 ilikuwa shuka moja, na shuka 2 zilikuwa doti moja. Ukipita katika nchi ya mtemi unalipa hongo, yaani ushuru wa kupita, na hongo inadaiwa kwa doti. Ukitaka chakula cha wapagazi, unakata kitambaa.

Sasa mpe mtoto wa miaka saba khanga kutoka kabatini aipime kwa mkono wake, kisha uipime wewe kwa mkono wako. Majibu hayatalingana. Binti yangu alikuja juu, akasema nimepima vibaya. Tulipopima tena na hali ikawa ileile, aliuliza swali ambalo wafanyabiashara wa njia ile walikuwa wakilizozania: unatumika mkono wa nani, wa anayelipa au wa anayelipwa? Hapo ndipo mtoto anaelewa kwa nini watu walihitaji kipimo kimoja kinachokubalika na wote, na kwa nini ile rula ya plastiki kwenye mkoba wake ni kitu cha maana. Ukimwambia mtemi anadai doti 6, atatafuta mikono 48 bila kulazimishwa. Tebo ya nne na tebo ya nane zimo ndani ya biashara hiyo, na anaziona zinavyohusiana, maana doti ni shuka mara mbili.

Jambo la pili ni miaka. Kwa mtoto mdogo, "zamani" ni shimo moja lisilo na ngazi: bibi alipokuwa msichana, Wajerumani, Wareno na manabii wote wamo humo pamoja. Dawa yake ni kamba ndefu na rula. Sentimita moja iwe mwaka mmoja. Uhuru wa Tanganyika, 1961, unakaa kidogo kupita sentimita 60 kutoka leo. Hata mkono wa mtoto ukinyooshwa unakaribia kuufikia. Ibn Battuta kufika Kilwa mwaka 1331 ni karibu mita 7, kwa hiyo sebule nyingi zinaishia hapo. Wareno walipoivamia Kilwa mwaka 1505 walikuta mji ambao msafiri yule aliusifia miaka 174 kabla yao. Hiyo 174 mtoto aipate mwenyewe kwa kutoa 1331 katika 1505, hesabu inayomtaka akope mara moja. Anakopa akijua anachokitafuta: mji ule ulikaa muda gani tangu kusifiwa hadi kuporwa?

Kisha mwambie juu ya mfupa wa Ishango. Uliokotwa mwaka 1950 na Mbelgiji Jean de Heinzelin karibu na mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, nchini Kongo, na unakadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi. Kwenye kamba yetu hiyo ni mita 200. Lazima mtoke nje, mpite geti, mfike dukani na labda mlipite. Mimi naona hakuna sentensi ya kitabu inayoweza kumfundisha mtoto ukubwa wa muda kama miguu yake mwenyewe inavyofanya.

Mfupa wenyewe una chale zilizopangwa kwa mafungu katika safu tatu. Safu moja ina 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Ya tatu ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Mwache mtoto ajumlishe kila safu. Atapata 60, 60 na 48. Akiwa makini ataona pia kwamba 3 imefuatwa na 6, na 4 imefuatwa na 8. Ilikuwa kalenda ya mwezi? Ilikuwa hesabu ya vitu? Au zilikatwa ili mfupa usiteleze mkononi? Wataalamu wanabishana hadi leo, na mtoto aambiwe hivyo hivyo. Jumla zake ana hakika nazo, maana yake hana, na kutofautisha mambo hayo mawili ndiyo kazi ya mwanahistoria. Tena aambiwe kwamba watu hao waliishi hapa, kwenye maziwa yetu. Siku hizi mfupa uko Brussels.

Kuna sehemu moja ambapo inabidi mzazi awe mwangalifu sana, nayo ni namba za mateso. Mwaka 2012 katika jimbo la Georgia, Marekani, watoto wa darasa la tatu walipewa mazoezi ya hesabu yaliyouliza watumwa 8 wakigawana sawa machungwa 56 kila mmoja atachuma mangapi, na mtu anayepigwa mara mbili kwa siku atapigwa mara ngapi kwa wiki. Wazazi walikasirika, na walikuwa na haki. Kipigo cha mtu kilifanywa chombo cha kujifunzia kuzidisha.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema namba za vifo zifichwe kabisa. Reli kutoka Mombasa ilianza kujengwa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Namba hizo mbili hazimwambii kitu mtoto mdogo. Nilizigawanya mimi, kisha nikampa maharage 13 ayapange mstari mmoja na kuondoa moja. Ni karibu mmoja katika kila kumi na tatu. Aliuliza walizikwa wapi, tukarudi kwenye historia, na hesabu tukaiacha hapo. Tofauti na zoezi la Georgia ni kwamba hapa swali lilihusu watu, na namba ikatusaidia kuwaona.

Sitaki mtu adhani historia itabeba hesabu yote. Haiwezi. Tebo zinahitaji kukaririwa, kutoa kwa kukopa kunahitaji mazoezi ya kila siku, na mtoto ambaye hajui 7 mara 8 hatafundishwa na msafara wa Bagamoyo. Kwetu hesabu ina muda wake asubuhi, na daftari lake. Historia inakuja mchana, na si kila siku inaileta hesabu.

Na mengine yasubiri umri. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 731 kwa kalenda ya Hijria. Ukitoa 622, mwaka kalenda hiyo inapoanzia, katika 1331 unapata 709, yaani pungufu ya miaka 22, kwa sababu mwaka unaofuata mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko mwaka wa jua. Mtoto anayefunga Ramadhani tayari ameona mwezi huo ukirudi nyuma mwaka hadi mwaka, kwa hiyo nusu ya jibu anayo. Nusu iliyobaki inataka kugawanya namba kubwa, na binti yangu hajafika huko.