Suti iliyoniinamisha mbele za watu

Mi na fundi wangu tulikuwa tunaheshimiana mpaka siku niliyomdanganya kwa tumbo. Alikuja na futi yake shingoni akasema simama kawaida, achia pumzi, usijikaze, na mimi huyo nikavuta tumbo ndani mpaka likakaribia kugusana na mgongo. Akapitisha futi kiunoni, akachomeka vidole viwili kwa ndani ili nguo isije kubana, akaandika. Halafu akaniangalia. "Ndo unavyokaaga hivi siku zote?" Nikaitikia kwa kichwa tu, maana kuongea ningeachia.

Suti ikaisha na ikanikaa vizuri ajabu, kwa kuwa miezi ile nilikuwa nakimbia kila asubuhi na kweli nilishapungua. Fundi akaigeuza suruali ndani nje, akanionyesha ule mshono wa nyuma pale katikati: hapa nimekuachia kitambaa cha akiba, ukinenepa unaleta nafumua nakuongezea. Mi nikaona ananitabiria mabaya. Nikamwambia kata hiyo, inanivimbisha kwa nyuma, mwili huu ndo umeshafika hauendi kokote.

"Kikishakatwa sina cha kukuongezea."

"Kata!"

Akakata. Vile vipande akaviokota, akavikunja taratibu, akaviweka kwenye droo kama polisi anayetunza ushahidi.

Mbio zikaja kuisha, sikumbuki hata ziliisha lini. Na nikuambie kitu, suruali ya lastiki ni mnafiki sana, unaweza ukanenepa mwaka mzima nayo inakuitikia tu ndiyo bwana, wakati nguo ya kupimiwa inakupa jibu lako hapo hapo. Zimebaki siku tano bosi aagwe kazini, hotuba napewa mimi, nakwenda kujaribu suti, kifungo na tundu lake wanatazamana kwa mbali kama mashemeji waliogombana.

Nikasema sawa, siku nne sili cha maana. Nikapanda mzani: kilo 3 zimeondoka! Suruali ikafunga, nikacheza peke yangu mbele ya kioo. Nilikuja kuelezwa baadaye sana kuwa mwili ukikosa chakula unakula wanga uliojiwekea, na kila gramu moja ya wanga huo imeshikilia kama gramu 3 za maji, kwa hiyo kilichoondoka sehemu kubwa ni maji, na ukishakula yanarudi. Basi mi nikaenda kwenye hafla na njaa ya siku nne nikakuta chakula ni kujipakulia mwenyewe.

Sahani ya kwanza sawa. Ya pili nikaanza kupumua kwa juu juu. Ya tatu nikashusha mikono chini ya meza kimya kimya, nikafungua kifungo, nikashusha zipu, tai nikailegeza nikaitandika mapajani ifunike aibu, nikajiachia kwenye kiti nimelala nusu. Jamani raha! Ndipo MC akataja jina langu.

Nilipandisha ile zipu kwa nguvu za mtu anayekimbia moto. Ikakwama kidogo, nikailazimisha, ikapanda, nikainuka. Yaani nilitaka kuinuka, maana kichwa kiligoma kuja. Kumbe zipu imemeza tai, na si ncha tu, imemeza kama shibiri nzima, na kila nikijaribu kunyooka fundo linanikaba koo. Nikavuta kwa siri, ndo kwanza fundo likazidi kukaza. Makofi yanapigwa, watu wananisubiri.

Nikaenda mbele hivyo hivyo, nimeinama kama natafuta shilingi iliyodondoka. Hotuba yote nimeisoma kwa kuwaangalia viatu. Sauti ikawa inatoka imebanwa, inakwaruza, na nilipofika kwenye "tutakukosa sana" nikakohoa kweli kwa kukabwa, nasikia mama mmoja mbele anapenga kamasi. Bosi akainuka akaja kunikumbatia, akashindwa aanzie wapi, akaishia kunipigapiga mgongoni. Akawaambia watu katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuona kijana mwenye adabu kama huyu, amemwinamia mwanzo mpaka mwisho. Ukumbi mzima ukasimama. Mimi tu ndo sikuweza.

Chooni nilikata tai kwa mkasi wa kuazima jikoni.

Jumatatu nikampelekea fundi ile suruali, zipu bado ina kipande cha tai kimetokeza kama ulimi. Hakuniuliza kitu. Alifungua droo, akatoa vile vipande vyake bado vimekunjwa vilevile, akaviweka mezani, akasema ataunga kiraka kwa ndani na koti litakifunika. Halafu akavua futi shingoni.

"Haya, simama kawaida."

Nikaliachia tumbo lote, futi ikaishia mbali, na mzee wa watu akacheka mpaka akakaa chini.