Leseni ikihama, nani atalipia mafuta ya pikipiki?

Bajeti ikikaribia, wazo lile lile hurudi: mamlaka za leseni ni nyingi, ziunganishwe, mfanyabiashara alipe dirisha moja. Kwa mwenye duka la vipodozi pale Mwanjelwa, Mbeya, hilo ni jambo la heri, wala silipingi. Ninachokipinga ni hesabu inayokuja nalo, kwamba bodi ikifutwa Serikali inaokoa fedha. Mara nyingi fedha huhama na kazi hubaki pale pale.

Kwa sasa leseni za kundi A, kama za uwakala wa forodha, hutolewa na BRELA, wakala wa serikali kuu wa usajili wa biashara na leseni. Za kundi B, maduka ya rejareja na bucha kwa mfano, ni za halmashauri. Nenda Tunduma, mpakani na Zambia, uone mapato na mzigo vinavyoachana njia: ada ya leseni ya wakala wa forodha iko BRELA, taka za mji wenye foleni ya malori ziko halmashauri. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tuchukue halmashauri ya kubuni yenye leseni 2,000 za kundi B, kila moja kwa wastani wa Sh 80,000. Hizo ni Sh milioni 160 kwa mwaka. Zikipelekwa taasisi ya serikali kuu, wengi watahesabu milioni 160 na kufunga daftari. Lakini sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawo wa 4, 4 na 2. Kwa hiyo ndani ya hizo 160 zimeondoka milioni 16 za mikopo: 6.4 za wanawake, 6.4 za vijana, 3.2 za wenye ulemavu. Huko zilikokwenda, sharti la kurudisha chochote lisipoandikwa, hakuna shilingi itakayorudi kukagua bucha za Uyole.

Na bucha sharti zikaguliwe. Mshahara wa afisa biashara au afisa afya kwa kawaida hulipwa na Hazina. Mapato ya ndani ndiyo yanayonunua mafuta ya pikipiki, karatasi za POS, mashine za kukusanyia mapato, na bando. Fedha zikipungua, hivyo ndivyo vinavyokatwa kwanza. Ukaguzi ukilala, wasiohuisha leseni wanaongezeka, na hapo hata mpokeaji mpya wa ada anakosa.

Kinachoumiza zaidi ni kalenda. Madiwani hupitisha bajeti mapema mwaka, Bunge hupitisha Sheria ya Fedha Juni, utekelezaji unaanza 1 Julai. Chanzo kikiondolewa Juni, tayari kimo kwenye makisio na matumizi yake yameshapangwa. Halmashauri zilionja hilo kodi ya majengo ilipohamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, mwaka 2016.

Tena leseni hudumu miezi 12 tangu itolewe. Iliyolipiwa Sh 80,000 tarehe 1 Machi, kufikia 1 Julai ina miezi minane mbele, sawa na takriban Sh 53,300 za huduma ambayo mwenye duka ameshailipia. Halmashauri imeshazitumia, mpokeaji mpya anarithi kazi bila senti. Hati ya makabidhiano huorodhesha magari, samani na madeni, ila deni hili hutalikuta humo.

Watetezi hutaja mabadiliko ya 1 Julai 2019, usimamizi wa vyakula na vipodozi ulipotoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, kwenda TBS, shirika la viwango. Urudufu ulipungua, nakubali. Ila hakuna ofisi iliyofungwa kufuli: TFDA ikawa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na Mbeya leo ina ofisi za kanda za TMDA na za TBS. Bodi ikivunjwa kweli, watumishi huhamishiwa kwingine, na wenye mishahara mikubwa mara nyingi hubaki nayo kama mshahara binafsi. Akiba ya mishahara husubiri wastaafu.

Kama uamuzi ni kuhamisha, basi utangazwe kabla ya Novemba, mwongozo wa bajeti ukiwa bado unaandaliwa. Leseni zilizokwisha kulipiwa zibaki kwa aliyezitoa hadi ziishe, na kila inayohuishwa iende kwa mamlaka mpya. Uhamisho utachukua miezi 12, na hakuna atakayefanya kazi ambayo fedha yake imeliwa na mwingine.