Nilivyolea Magugu kwa Mapenzi

Pasinipi, kwa asiyeijua, ni ndugu yake karoti: rangi ya maziwa, mabega mapana, na maringo yasiyo na sababu. Mwaka wa kwanza nilipanda mbegu zilizolala kwenye droo tangu siku nisizozikumbuka. Haikuota hata moja. Kumbe mbegu zake hazikai; zikipitisha mwaka, nyingi ni maiti. Mwaka uliofuata mke wangu akaninunulia pakiti mpya, akanikabidhi kwa uso wa mtu anayemkopesha mdeni sugu.

Mbegu zenyewe ni bapa, nyepesi kama magamba ya dagaa. Nikazimimina nusu kiganjani, siku ya upepo, na pua ikachagua wakati huo huo kuwasha. Chafya moja tu. Nilipofumbua macho kiganja kilikuwa kitupu, na mbegu zinaelea kuelekea kule pembeni nilikorundika samadi mbichi na mawe niliyookota bustanini. Nikageuka kutazama dirishani. Mke wangu alikuwa pale pale.

"Afya," akasema.

Nusu iliyobaki niliipanda kwa adabu, nimeufunga mdomo na pua kwa kitambaa kama jambazi. Katikati ya mstari nikachanganya figili, maana figili huota baada ya siku chache na kukuonyesha mstari ulipo, wakati pasinipi inaweza kukaa wiki tatu, hata nne, bila kujitokeza. Nikawa namwagilia udongo mtupu kila jioni. Mtoto wetu aliuliza kama baba anaotesha matope.

Wiki ya tatu nikaona vijani vyembamba, virefu, kama nyasi. Nyasi! Kwenye tuta langu! Nikapiga magoti nikang'oa kimoja kimoja, bila huruma, mpaka mgongo ukalia. Nikavibakiza vimche vingine vyenye majani mapana, vinene, vyenye afya. Hivyo nikavilea. Nilivipunguza vikaachana kwa sentimita kumi, nikavipalilia, na nakiri kwamba asubuhi moja nilivisalimia.

Vilipofika magotini nikamwita mzee jirani aje aone. Mzee huyu amelima tangu kabla sijazaliwa.

"Shikamoo, mzee. Karibu uone pasinipi."

"Marahaba, mwanangu." Akainama, akafikicha jani, akanusa. Akanyamaza sana. "Na ulivyong'oa vilikuwaje?"

Nikamweleza: vyembamba, virefu, kama nyasi.

"Basi hizo ndizo zilikuwa pasinipi. Majani yao ya kwanza ndivyo yalivyo." Akanipigapiga begani. "Ila magugu haya, sijapata kuona yaliyotunzwa hivi."

Dirishani, pazia lilikuwa linatikisika kwa kicheko.

Ningeacha pale. Lakini miezi minne baadaye, pembeni kwenye lile rundo la samadi, nikaona majani makubwa yanayofanana na ya seleri. Zile za chafya! Iliyoshika ilikuwa moja tu, bila kumwagiliwa, bila kusalimiwa na mtu. Kwa furaha nikavua shati, jua la saa saba linawaka, nikaikumbatia, nikavunja majani yake, utomvu ukanitiririkia mikononi mpaka viwiko. Nani angenionya? Mzee, labda, lakini nilikuwa bado nina aibu naye.

Kesho yake mikono iliwaka. Siku ya pili malengelenge. Daktari akauliza nimeungulia wapi.

"Bustanini."

"Moto?"

"Mboga."

Akaandika, akasimama, akaniomba nirudie. Kisha akanieleza kwamba utomvu wa pasinipi ukiwa kwenye ngozi na jua likaupiga, ngozi inaungua kweli kweli, na alama za kahawia zinaweza kukaa miezi. Siku hizi naenda bustanini na mikono mirefu na glavu.

Na mzizi wenyewe? Samadi mbichi na mawe huipasua pasinipi ikatoa matawi. Yangu ilitoka na miguu miwili, imeikunja mmoja juu ya mwingine kama mzee barazani, na kitu kingine kati yao ambacho mke wangu alikifunika haraka kwa kitambaa cha jikoni. Nikachukua kisu. Mtoto akaangua kilio: huyo ni mtu, haliwi!

Ikakaa dirishani wiki mbili, imevishwa soksi, mpaka ikasinyaa. Sisi tukala figili.