Kokoto za Chini Haziuokoi Mshubiri

Kila nipitapo kwa wauza maua wa kando ya barabara jijini Dar es Salaam, huona mishubiri na mimea mingine ya majani manene ikiwa imepandwa ndani ya vikombe, bakuli za kauri na hata bilauri, vyote vikiwa havina tundu la kutolea maji chini. Sikatai kwamba inapendeza. Ninachokataa ni kuviita vyombo hivyo makazi, kwa kuwa chombo kisicho na tundu kinafaa kuwa vazi la nje la mmea wa aina hii, basi.

Mshubiri huweka akiba ya maji katika majani yake, na vitundu vyake vya kupumulia hufunguka usiku ili jua la mchana lisiunyang'anye akiba hiyo. Maji yakituama, hewa hutoka udongoni, mizizi hukosa oksijeni na kuanza kuoza. Huku pwani, ambako hewa yenyewe ni ya unyevunyevu, udongo wa ndani ya kauri hukawia sana kukauka, hasa wakati wa masika.

Wauzaji hunijibu kwamba dawa ni kutandaza kokoto chini. Ushauri huo ndio ninaoupinga zaidi, kwa sababu udongo laini huyashika maji kama utambi unavyoshika mafuta ya taa, na hauyaachii yashuke kwenye kokoto mpaka uwe umelowa chepechepe. Lowesha sifongo, iache ichuruzike hadi ikome, kisha iweke juu ya kokoto: haitatoa maji zaidi kwa sababu ya kuwekwa hapo. Kwa hiyo kokoto hupunguza kina cha udongo tu, na sehemu mbichi husogea juu, karibu na mizizi. Mkaa nao, ambao wengine huuongeza chini, hauyapeleki maji popote.

Nayasema haya baada ya kuua mshubiri wangu katika bakuli jeupe nililolijaza kokoto kwa uangalifu mkubwa. Majani yalilegea, nami nikadhani una kiu, nikaongeza maji. Nilipoushika, shina lilichomoka na kuacha mizizi ikinuka bakulini. Wakati huo wote mshubiri wa mama ulikuwa ukichipua uani, ndani ya kopo la rangi lililotobolewa kwa msumari.

Siku hizi hupanda katika kopo la mtindi lenye matundu, kwa udongo uliochanganywa na mchanga wa chenga kubwa, kisha nikalitumbukiza ndani ya chombo cha mapambo. Siku ya kumwagilia hulitoa, nikalisubiri lichuruzike, ndipo nikalirudisha. Anayetaka kupanda moja kwa moja atoboe kauri kwa keekee yenye biti ya vigae, taratibu, huku akidondoshea maji ili isipate moto. Mimi nilikandamiza kwa pupa, na bakuli lile jeupe likapasuka vipande viwili.