Eti asubiri akue

Jumanne, ndani ya daladala ya Nkuhungu hapa Dodoma, nilikaa jirani na dada aliyempakata binti wa miezi mitano hivi. Jicho la kushoto la mtoto lilikuwa na weupe katikati ya mboni, kama tone la maziwa. Dada, hili umelionyesha? "Nimelionyesha, kaka. Wamesema ni mtoto wa jicho, nisubiri akue ndo afanyiwe operesheni." Abiria wakaitikia kama wako kanisani: kweli, mtoto mchanga hapasuliwi.

Labda jina ndilo linalotuponza. Tukisikia "mtoto" tunadhani nacho kinangoja kukua. Bibi yangu kule Kongwa aliambiwa hivyohivyo, kwamba wake hajaiva. Na kwake, haya, nakubali, kusubiri hakukuleta hasara: alipopasuliwa aliona mpaka kunguru juu ya mbuyu. Ila ubongo wa bibi ulikuwa umejifunza kuona tangu enzi za mkoloni. Wa huyu binti ndio kwanza unafungwa waya.

Maana jicho peke yake halioni chochote. Mimba ikiwa bado changa, seli za retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huotesha nyuzi zinazotambaa hadi ubongoni, zikifuata kemikali kama siafu wanavyofuata harufu. Za upande wa pua huvuka kwenda ng'ambo, za upande wa sikio hubaki upande wake. Kisha retina inaanza kurusha mawimbi ya umeme humo gizani, kama fundi anayepima waya kabla TANESCO hawajaja. Hadi hapo mwanga hauhitajiki.

Baada ya kuzaliwa ndipo unapoanza ugomvi wa viwanja. Nyuzi za macho mawili zinagombea eneo lilelile la ubongo, na linalotuma picha safi ndilo linalojenga. Watu wa Dodoma hili tusifundishwe: acha kiwanja bila kukiendeleza uone jirani atakavyosogeza bikoni. Wanasayansi Hubel na Wiesel walishona kope za jicho moja la kitoto cha paka, wakazifungua baada ya miezi. Jicho lenyewe zima kabisa, lakini seli za ubongo karibu zote zilikuwa zimehamia kwa mwenzake. Wakamfanyia hivyo paka mkubwa; ubongo wake haukuhama. Mwaka 1981 wakapewa Nobel, na sisi 'tunasubiri akue'.

Kwa mtoto aliyezaliwa na ukungu kwenye jicho moja, madaktari wa macho hutaka kupasua ndani ya wiki 6 hivi. Sita! Na baada ya hapo kuna lenzi, kuna kuziba jicho zima kila siku ili lile bovu lilazimike kufanya kazi. Miezi mitano ni kuchelewa, lakini kila wiki inayookolewa ina faida yake. Tena weupe kwenye mboni unaweza kuwa dalili ya saratani, hiyo nayo haingoji mtu.

Najua, nauli ya kwenda hospitali ya Dar au Moshi si ya kuokota, na dawa ya usingizi kwa kichanga inataka mtaalamu wake. Basi, watu wa hospitali, semeni hivyo! Mwambieni mama "hapa hatuwezi, kimbia", si "subiri".

Nilimweleza yote hayo tukiwa tumebanwa na ndoo za nyanya. Alinisikiliza kwa heshima. Aliposhuka akasema, "Asante kaka, nitamwambia baba yake akirudi kutoka Kiteto, wako mavunoni."

Mavuno ya Kiteto yanaisha lini, mnajua wenyewe.