Udongo wa Tundra na Mabonde Yetu

Kila Juni na Julai, sakitu (umande ulioganda) huunguza majani ya viazi mviringo huko Makete, mkoani Njombe, na watu husema kwamba kwetu ni kama Ulaya. Hata hivyo, baridi yetu ni ya mwinuko: uwanda wa Kitulo upo takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na jua likipanda sakitu huyeyuka. Katika tundra, yaani nyika baridi zisizo na miti za Siberia, Alaska na kaskazini mwa Kanada, chini ya udongo kuna ardhi iliyoganda kwa maelfu ya miaka. Kiangazi huyeyusha tabaka la juu tu, na kwa kuwa maji hayana pa kuzama, nchi hiyo yenye mvua haba hujaa vidimbwi.

Shuleni tundra hufundishwa kama nchi tupu, ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Naona hilo ni kosa kubwa, kwa sababu ardhi iliyoganda ya kaskazini imehifadhi mabaki ya mimea ambayo hayajaoza, yenye kaboni inayokadiriwa kufikia tani bilioni 1,500, karibu mara mbili ya iliyomo angani. Tangu 1979 Aktiki, eneo linalozunguka ncha ya kaskazini ya dunia, imekuwa ikipata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia. Juni 20, 2020, kipimajoto cha Verkhoyansk, Siberia, kilifikia nyuzi joto 38 za Selsiasi. Ardhi ikiyeyuka, bakteria huyala mabaki hayo na kutoa hewa ukaa na methani, gesi zinazoongeza joto la dunia, na hapo hakuna kiwanda cha kufungwa wala mtu wa kuamriwa aache.

Mabonde yetu ya vinyungu (bustani za bondeni zenye unyevu), Njombe hadi Mufindi, nayo huhifadhi kaboni, ingawa kwa kiasi kidogo mno kulinganisha na tundra. Chota udongo wake mweusi na utaona nyuzi za mizizi ya matete ambazo hazijaoza, kwa kuwa maji yamezuia hewa kuzifikia. Bonde likikaushwa kwa mifereji mirefu, au likipandwa mikaratusi hadi kwenye chemchemi, uozo huanza.

Sidai wakulima waache vinyungu, maana ndivyo vinavyolisha kaya nyingi wakati wa kiangazi. Ninachotaka ni halmashauri zetu zizuie mifereji inayokausha bonde zima, na mikaratusi iliyo kwenye vyanzo vya maji ing'olewe, huku mwenye shamba akipewa miche ya miti ya asili badala yake.