Risiti za Warhol na sanduku la mjomba

Jumamosi mlinzi wa makumbusho hapa Pittsburgh, Marekani, aliniomba nisogee nyuma. Nilikuwa nimeinamia kioo mno. Ndani hakukuwa na dhahabu, ni risiti, barua na bahasha zilizochanwa za Andy Warhol, msanii maarufu wa Kimarekani.

Jengo zima, ghorofa saba, ni la mtu mmoja. Unapanda lifti mpaka juu, unaanza na ujana wake na viatu alivyochorea matangazo miaka ya 1950, kisha unashuka naye. Maboksi aliyojaza makaratasi ya mezani kwake yapo 610. Hata daraja la jirani lina jina lake.

Nilifurahi, halafu nikaumia.

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar mwaka 1968, kwa rangi zilezile za kupakia baiskeli, juu ya hadibodi. Mwaka huohuo Warhol alipigwa risasi New York, akapona. Wetu alipigwa risasi na polisi mwaka 1972, kwa kudhaniwa mhalifu. Hakupona. Miaka minne ya kazi, na jina lake likawa jina la sanaa nzima! Wangapi tunaijua sura yake?

Nawasikia tayari: “Huyu kashazoea baridi, sasa anatuona hatuna akili.” Hapana, jamani. Vijana wa ushirika wa wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay, Dar, wanachora mpaka leo, ufundi umepokezwa mkono kwa mkono, na hilo najivunia mbele ya Mmarekani yeyote. Ila mkono unapokeza ufundi, haupokezi barua wala picha. Mtasema hela hakuna. Warhol alizaliwa na wahamiaji maskini, baba kibarua, na yale ni maboksi ya kawaida tu. Ghorofa saba siombi. Naomba chumba kimoja.

Nami sijitoi. Mjomba wangu aliandika mabango ya maduka miaka thelathini. Alipofariki tulichoma sanduku lake uani, pamoja na daftari alilokuwa akijaribia herufi kwa penseli. Kiberiti nilishika mimi.

Usiku ule nilimpigia mama.

“Mama, kazi ya mjomba imebaki wapi?”

Alinyamaza kidogo. “Pale kwenye mashine ya kusaga, mwanangu. Limepauka, lakini ‘Karibuni’ bado inasomeka.”

Nimemtuma mpwa wangu akalipige picha kesho asubuhi, kabla mwenye mashine hajapaka ukuta upya.